Maji ya akiba nyumbani: mtungi, reli na bidoni katika nchi ya Kamina

Swali moja linarudi kila mara: umeme hakuna, robine hakuna, au robine iko lakini imekauka, nyumba itapata wapi maji ya kunywa kesho asubuhi? Wengine wanauliza kama vile ni shida iliyoletwa na vita na ubovu wa siku hizi. Lakini katika jimbo letu hili nyumba zimeweka maji ya akiba kwa zaidi ya miaka elfu moja, na robine imekuwepo kwa karibu miaka mia tu. Leo mwandishi wenu anataka kuhesabu historia hiyo pamoja nanyi, kwa sababu kila aliyeileta mashine ya maji katika nchi hii aliileta kwa kazi yake mwenyewe, na kila mashine iliposimama, kilichobaki kuokoa watu ni chombo kilichokuwa ndani ya nyumba.

Tuanze na jina letu. Sanga yetu hii ya Kamina ina ndugu wa jina: Sanga nyingine iko kando ya ziwa Kisale, chini katika bonde la Upemba, pale Lualaba unapotawanyika kuwa maziwa na mafunjo. Msizichanganye. Ile ya ziwa inajulikana mbali kwa watu wanaosoma mambo ya kale ya Afrika. Mwaka 1957 Mbelgiji Jacques Nenquin alichimba pale, mwaka 1958 akafuata Jean Hiernaux, na mwaka 1974 Pierre de Maret akarudi kuendeleza kazi, kisha akachimba pia mahali pengine katika bonde lilelile. Walichokuta ni makaburi, zaidi ya mia moja kwa Sanga peke yake. Desturi ile wanayoiita ya Kisale ilianza katika karne ya 8 na ikaendelea mpaka karne ya 13 hivi. Wafu walilazwa pamoja na vitu vya shaba, vya chuma, vya pembe, na zaidi ya yote vyungu. Kuna bakuli, kuna chupa za udongo, kuna vyungu vyenye mdomo wa kumiminia, kuna hata majiko madogo ya kubebea moto, ya aina ambayo mvuvi anaweza kuweka ndani ya mtumbwi. Na wachimbaji waliona jambo moja ambalo nikilisoma huwa nanyamaza kidogo: katika kaburi la mtoto, vyungu ni vidogo. Kila mtu alipewa chombo cha kipimo chake.

Mtu anayeishi kando ya ziwa hatembei mbali kutafuta maji, lakini chombo anakihitaji. Maji ya ziwa ni ya kila mtu na ya kila kiboko; maji yaliyo ndani ya chungu ni ya nyumba. Hapo ndipo akiba inapoanza.

Kwa Baluba ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake, na mtungi wa maji uliwekwa mahali pa kivuli, ukazamishwa kidogo ardhini ili usianguke. Mtungi ulifanya kazi tatu kwa mara moja. Matope yalishuka chini yakatulia. Udongo ulitoa jasho kwa nje, na jasho lile likikauka linapoza maji yaliyo ndani, kwa hiyo mchana wa jua kali maji ya mtungi ni baridi kuliko ya ndoo. Na nyumba ilikuwa na kitu cha kunywa usiku, au siku mama wa nyumba anapougua na hakuna wa kwenda mtoni. Kasoro yake ilikuwa moja, nayo ni mdomo mpana. Kila anayetaka maji anaingiza kikombe, na mkono unafuata kikombe. Shikeni hiyo, tutairudia.

Huku juu kwetu, mbali na maziwa, mambo ni tofauti kidogo. Nchi ya Kamina ni tambarare ya juu, kiasi cha mita 1,100 kupita bahari. Mito mikubwa inaanzia pande hizi, Lomami ni mmoja wao, lakini mto unapoanza ni mdogo, na unatembea bondeni wakati nyumba ziko mgongoni. Kwa hiyo mtu anashuka mtupu na kupanda amebeba. Katika milima ya Kivu kijiji kinaweza kukinga chemchemi iliyo juu yake na kuacha maji yashuke yenyewe kwa bomba. Unguja pia Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, alileta maji ya Chemchem mpaka mjini kwa mabomba, na umeme haukuwepo. Sisi hatuna bahati hiyo ya mteremko. Kwetu maji lazima yapandishwe, na anayepandisha ni mashine au ni kichwa cha mama na cha binti yake.

Mashine ya kwanza haikuja kwa ajili ya mama. Reli ilitoka Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ikafika Bukama mwaka 1918. Kisha kampani ya BCK ikaisukuma mbele, kupita Kamina, mpaka Port-Francqui, yaani Ilebo, na mwaka 1928 njia yote ikafunguliwa. Mwaka 1956 ikaongezwa ile ya kutoka Kamina kwenda Kabalo, na Kamina ikawa njia panda ya reli kama tunavyoijua. Vijana wa leo wanaikumbuka reli kwa mashine za mazuti, lakini zile za kwanza zilikuwa za moshi, na mashine ya moshi hunywa maji kuliko ng’ombe wa kijiji kizima: maelfu ya lita kwa safari moja, kisha inataka tena. Kwa sababu hiyo kila penye stesheni kubwa palijengwa tangi la juu na pampu ya kulijaza. Maji yalipandishwa mlima kwa ajili ya chuma. Wafanyakazi wa kampani, waliokaa karibu na stesheni, wakapata robine za pamoja kambini kwao. Aliyekaa nje ya kambi aliendelea kushuka bondeni na mtungi wake.

Mwaka 1939 serikali ya koloni iliunda Regideso, shirika la kugawa maji mijini. Baada ya vita vya pili Wabelgiji wakajenga pia Base kubwa ya jeshi hapa Kamina, na mji ukakua zaidi. Ndipo neno robine likaingia kabisa katika Kiswahili chetu cha Katanga. Na pamoja na robine likaja jambo ambalo watu hawakulitazama sana wakati ule: nyumba zilizopata robine ziliacha kuweka akiba. Kwa nini ujaze mtungi ikiwa maji yanakuja kila asubuhi? Robine inategemea pampu, pampu inategemea umeme au mazuti, mazuti yanategemea treni, na treni inategemea kampani. Kamba ndefu sana, na kila fundo lake liko mikononi mwa mtu mwingine.

Kuhusu umeme, kuna hadithi moja ambayo watoto wetu wanapaswa kuijua. Mwanzoni mwa miaka ya 80 serikali ya Zaire ilimaliza njia ya umeme ya Inga–Shaba, karibu kilomita 1,700, kutoka bwawa la Inga kule Bas-Congo mpaka Kolwezi. Ilikuwa moja ya njia ndefu kuliko zote duniani, na ilikatiza nchi hii ya Kamina. Ilijengwa kwa ajili ya migodi. Umeme unaopita ndani yake ni wa mkondo mmoja usiogeuka, na hauwezi kuteremshwa njiani na kugawiwa vijiji bila kituo kikubwa cha kuubadilisha. Kituo hicho kiliwekwa mwisho wa safari, Kolwezi. Basi kijiji baada ya kijiji, kutoka magharibi mpaka Katanga, watu walikaa gizani chini ya nyaya zilizobeba umeme wa kutosha mji. Sisemi hivi ili kulaumu waya. Nasema ili mtu asidhani kwamba nyumba isiyo na umeme ni nyumba iliyochelewa. Umeme ulipita juu yake, kwa mpango, kwenda kwingine.

Halafu kamba ikakatika. Septemba 1991 uporaji ulianza Kinshasa na kuenea katika miji mingi, na huduma za serikali zikadhoofika. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya migodi ya Katanga. Maelfu kwa maelfu walilala katika stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni, wengine kwa miezi, na wengi walikufa pale kwa magonjwa, hasa watoto. Treni zilizowabeba zilipita hapa Kamina. Kisha vita vya 1998 mpaka 2003 vikagawa Katanga ya kaskazini, na mwisho wa 2005 mapigano ya jeshi na Mai-Mai upande wa Mitwaba yakatupa watu wengine porini na kando ya maziwa ya Upemba. Wasikilizaji wetu wengi hawahitaji mimi niwaambie mambo hayo. Waliyatembea kwa miguu.

Katika miaka hiyo yote chombo kilichotembea na watu ni bidoni. Tunaiona ya kawaida, lakini nayo ina historia yake. Umbo lake linatoka kwa jeshi la Wajerumani, lililotengeneza chombo cha chuma cha lita 20 kwa ajili ya mafuta ya magari kabla tu ya vita vya pili. Waingereza wakakiona, wakakiiga, na kukipa jina la utani walilowapa Wajerumani, “jerry”. Baadaye ikaja plastiki, na mafuta ya kupikia yakaanza kuuzwa ndani ya bidoni za njano. Mafuta yakiisha, bidoni inaanza maisha yake ya kweli. Ina kifuniko cha kukaza, mdomo mwembamba usioingiza mkono, ina mshikio, na inakaa vizuri juu ya baiskeli, ile tunayoiita kinga. Ikijaa ni kilo 20, na huo ndio uzito anaoubeba binti wa miaka kumi na miwili asubuhi kabla ya shule.

Sasa tufike kwenye hatari yenyewe. Kolera, au kipindupindu, iliingia Kongo katika miaka ya 70, na upande wa mashariki ikapata makao. Kalemie, Bukama, Kinkondja, Malemba-Nkulu: majina hayo yanarudi katika ripoti za afya mwaka baada ya mwaka, kwa sababu ziwa na Lualaba ni kisima, ni bafu, ni njia ya safari na ni choo kwa wakati mmoja. Kutoka bondeni inapanda na mitumbwi, na treni, na baiskeli. Ikikuta mji ambao robine imekauka na watu wamerudi kwenye visima vifupi vilivyochimbwa karibu na vyoo, haihitaji msaada mwingine. Tulichoona Goma mwezi wa Julai 1994 kilionyesha dunia inavyokuwa pale watu wengi wanapokimbilia mahali pasipo maji safi: karibu watu 50,000 wanakadiriwa kufa ndani ya mwezi mmoja hivi, wengi kwa kolera na kuhara damu, nao walikuwa wamekaa karibu na ziwa kubwa, lile la Kivu. Hawakukosa maji. Walikosa maji ambayo mtu anaweza kunywa.

Mwaka mmoja kabla ya Goma, kule Malawi, katika kambi ya Nyamithuthu walimokaa wakimbizi wa Msumbiji, lilifanyika jaribio ambalo mimi nalipenda kuliko mengi. Maji ya kambi yalitoka safi. Lakini yakifika nyumbani, ndani ya ndoo ya wazi, yalichafuka. Kwa nini? Mikono. Ile kasoro ya mtungi tuliyoitaja. Basi familia nyingine zikapewa ndoo ya lita 20 yenye mdomo uliobanwa na mahali pa kumiminia, zingine zikabaki na ndoo za kawaida. Katika nyumba zenye ndoo mpya, kuhara kwa watoto wa chini ya miaka 5 kulipungua kwa asilimia 31. Chanzo cha maji kilikuwa kilekile kwa wote. Kilichobadilika ni mdomo wa chombo. Ripoti yake ilitolewa na jarida la Shirika la Afya Duniani mwaka 2001.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aanzie wapi, simwambii aanze na kisima wala na tangi. Aanze na vyombo. Familia ya watu 6 inahitaji kiasi cha lita 5 kwa kila mtu kwa siku kwa kunywa na kupika, hiyo ni lita 30. Kwa siku tatu ni lita 90, yaani bidoni nne na nusu; sema tano. Hizo tano ndizo akiba. Hazigusi kufua wala kuoga. Zinakaa ndani, kwenye kivuli, juu ya ubao au matofali na si juu ya udongo, na kila siku ile iliyotangulia kujazwa ndiyo inatangulia kutumiwa, nafasi yake inajazwa upya. Bidoni ya kuteka mtoni isiwe ileile ya kunywea. Bidoni iliyowahi kubeba petroli, mazuti au dawa ya mashamba isitumike kabisa, hata ukiiosha mara kumi. Zile nzuri zinaoshwa ndani kwa sabuni na changarawe safi kidogo, unatikisa kwa nguvu mpaka ule utelezi unatoka, unasuuza.

Dawa ya klorini ndiyo inayomaliza kazi. Ikiwa ni vidonge, soma karatasi yake, maana kuna vya lita 5 na vya lita 20, na wengine wanavigawanya kwa meno kama peremende. Ikiwa ni maji ya Javel, nguvu yake inatofautiana kutoka chupa hadi chupa, basi muulize muuguzi wa kituo cha afya kipimo cha ile uliyo nayo. Ukiweka, tikisa, ngoja dakika 30 kabla ya kunywa. Maji ya matope yatulie kwanza na kuchujwa kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kwa sababu matope yanakula dawa. Kuchemsha ni kuzuri pia, lakini sote tunajua bei ya makala. Na asiye na dawa wala makala bado ana jua: chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2 hivi, ijazwe maji yasiyo na matope na ilazwe juani saa 6, au siku mbili mfululizo kama mawingu yamefunika. Njia hiyo ilichunguzwa kwanza Beirut na Aftim Acra na wenzake, mwishoni mwa miaka ya 70, nao walikuwa katika mji wa vita.

Baada ya vyombo, paa. Hapa kwetu mvua inaanza kujipanga Oktoba na kuendelea mpaka Aprili, na kwa mwaka inapita milimita 1,000. Hesabu yake ni rahisi, wala haihitaji shule kubwa: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya mabati ya mita 6 kwa 5 ina mita 30 za mraba. Mvua moja ya milimita 20, na mnazijua mvua zetu, ni lita 600. Ukitoa zinazorukia pembeni zinabaki kama 480, yaani bidoni 24, bila mtu kushuka bondeni. Mfereji unaweza kuwa bati lililokunjwa, au mwanzi uliopasuliwa, ulioinama kidogo kuelekea kwenye pipa. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe ioshe paa, na hata katika mvua za baadaye dakika za mwanzo ziende chini. Pipa lifunikwe kwa kitambaa au wavu, la sivyo unafuga mbu.

Lakini nisiwadanganye. Kiangazi, kipwa kama tunavyosema, ni miezi mitano hivi. Familia ile ya watu 6 ikitumia lita 90 kwa siku, ambazo ni kile kipimo cha lita 15 kwa mtu ambacho mashirika ya misaada hukifuata, itataka zaidi ya lita 13,000 kuvuka miezi hiyo. Pipa halitoshi, wala mapipa kumi na tano hayatafika robo yake. Pipa la mvua linakuokoa siku robine au pompa inapokufa katika majira ya mvua, na siku chache baadaye. Kwa kiangazi, kisima.

Kuhusu kisima cha nyumba nitasema kwa ufupi, maana mafundi wetu wa kuchimba wanajua kazi kuliko mimi. Kiwe mbali na choo angalau mita 30, na choo kisiwe upande wa juu. Kijengewe ukingo, kiwe na kifuniko, na kamba na ndoo yake viwe vyake peke yake, vinavyotundikwa na si kulazwa chini. Anayeweza kuongeza kidogo anaweza kuweka pompa ya kamba: gurudumu, kamba yenye vipande vya mpira wa tairi, na bomba la plastiki. Fundi wa baiskeli anaielewa kwa kuitazama, na ikiharibika anaitengeneza siku hiyohiyo.

Hilo la kutengeneza ndilo limeua pompa nyingi za mkono katika vijiji vyetu. Kwa miaka mingi pompa zililetwa, zikafunguliwa kwa sherehe, na kipande kimoja kikivunjika pompa inakuwa kiti cha kuku. Waliolifikiria vizuri jambo hilo ni watu wa pwani ya Kenya. Katika miaka ya 80, huko Kwale, kusini ya Mombasa, serikali ya Kenya, shirika la KWAHO na mradi wa Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia walijaribu pompa ambayo mwanzo wake ulikuwa Malawi na ambayo baadaye ikaitwa Afridev. Waliitaka iwe pompa ambayo wanawake wa kijiji wanaweza kuifungua wenyewe kwa spana moja na kubadilisha mpira wa ndani bila kungoja gari la mji. Wanawake wa Kwale walifundishwa, wakaunda kamati, wakakusanya pesa ya vipuri. Leo Afridev iko katika vijiji vingi vya Kongo. Kamati za namna ile ni chache kuliko pompa.

Familia mliohama, najua mnachosema mkisoma haya: kisima utachimba katika kiwanja cha nani, na bati la nani utaliwekea mfereji? Ni kweli. Anayekaa kwa jamaa au katika nyumba ya kupanga kwa mwezi hachimbi. Kwenu akiba ni ile inayobebeka. Bidoni mbili zenye vifuniko, moja ya kuteka na moja ya kunywea, kikombe chenye mkono mrefu kama chombo ni ndoo, na sabuni. Bashi la hema likifungwa kwa mwinamo linakusanya mvua kama paa lolote. Mita 12 za mraba katika mvua ya milimita 10 ni bidoni tano hivi, ingawa ni ya kufulia na kuoga kwanza. Na wenyeji wanaowapokea wageni wakumbuke kwamba nyumba ya watu 6 ikiwa ya watu 13, bidoni tano hazitoshi tena siku tatu. Ndiyo hesabu inayosababisha ugomvi kisimani, si ubaya wa watu. Afadhali ifanywe siku ya kwanza, kwa sauti, wote wakisikia. Haki yenyewe imeandikwa: Katiba ya 2006, kifungu cha 48, inahakikisha maji ya kunywa na umeme kwa Mkongomani, na sheria ya maji ilitoka tarehe 31 Desemba 2015. Mtu anaweza kuidai haki hiyo ofisini asubuhi na kujaza bidoni zake jioni.

Nimebakiza jambo moja, kwa mama zetu wafinyanzi, ambao kazi yao imepungua tangu plastiki ije. Mwishoni mwa miaka ya 90 na mwanzoni mwa 2000, katika jimbo la Nyanza huko Kenya, kando ya ziwa Victoria, wataalamu wa afya waliona kwamba familia nyingi hazitaki kuhamia kwenye plastiki kwa sababu maji ya mtungi ni baridi na yana ladha waliyoizoea. Badala ya kuwakemea, walikwenda kwa wanawake wafinyanzi wa kule. Wanawake wakafinyanga mtungi wa aina nyingine: mdomo uliobanwa, mkono usiingie, kifuniko cha udongo kinachokaa sawasawa, na chini, pembeni, tundu la robine ndogo. Ukiweka klorini ndani, inafanya kazi. Mtungi ule uliuzwa kijiji hadi kijiji na wanawake wenyewe. Udongo wa kufinyangia tunao bondeni, na robine ndogo ya plastiki inauzwa sokoni Kamina. Mfinyanzi atakayetaka kujaribu, tundu la robine litobolewe udongo ukiwa bado mbichi, vidole viwili juu ya kitako, ili matope yanayoshuka yabaki chini yake.